Mwaka Mlishi Ulipochanua

“Mimi sili maua,” Benigna alisema. “Wajukuu zangu nao hawali maua. Fungua hilo tangi.”

“Mama, bado sijamaliza.”

“Umeongea mpaka chai imepoa. Umetumwa ulete dawa, dawa umeileta, sasa umesimama mbele yake umetanua mikono kama mtu anayezuia kuku wasiingie jikoni. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa huko Ghala Kuu?”

Kordula alishusha mikono lakini hakusogea. Nyuma yake lilikuwa tangi la bluu, limefungwa kwa mikanda juu ya lori, na ndani yake kulikuwa na dawa ya kizuio ya kutosha kuunywesha mgongo mzima wa mlima wa Lihanje, kuanzia shina mama kileleni hadi vijito viwili vya bondeni. Dereva, bwana mnene aitwaye Hyera, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori akinywa ile chai iliyopoa na kuitazama milima kwa bidii, kama mtu asiyetaka kuja kuitwa shahidi.

“Nimeajiriwa nimweleze mlezi wa shina faida na hasara,” Kordula alisema. “Faida umeisikia. Ukimimina leo, maua yanakauka, mlishi unarudi kuzaa kama kawaida, nchi inakula. Hasara hutaki kuisikia.”

“Naijua. Hautachanua tena.”

“Kamwe. Na usipochanua hauna mbegu. Kizuio kinausahaulisha umri wake, basi. Utasahau miaka kumi na mitano, labda ishirini. Halafu utafia mlimani, milima yote kwa pamoja, na hatutakuwa na punje moja ya kupanda.”

“Miaka ishirini ni mingi. Nyinyi wenye akili mtakuwa mmetengeneza kingine.”

“Hivyo hivyo walisema waliotengeneza huu.”

Benigna aliangua kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akatoa neno alilokuwa amelihifadhi tangu lori lilipovuka daraja, na hakuona haya kulitoa.

“Fidea na Fabiani wako Dodoma. Wana miaka mitatu. Mlishi ukichanua unakufa, ndiyo au siyo?”

“Ndiyo.”

“Mbegu ikipandwa inachukua muda gani mpaka izae?”

“Msimu mmoja na nusu. Ikienda vizuri.”

“Kwa hiyo msimu mmoja na nusu vibaba vya Ghala Kuu havitoki. Watoto wako watakula nini, Kordula? Hotuba?”

Binti alitazama chini, akasugua tope la kiatu kwenye gurudumu la lori. Benigna alijua amempiga palipo na kidonda, na kwa kuwa alikuwa mama na si mwendawazimu, iliuma kidogo upande wake pia. Lakini neno lilikuwa neno.

“Sheria inataka uone kwa macho kabla ya kuamua,” Kordula alisema hatimaye. “Hujapanda juu tangu vitumba vya maua vitoke. Twende ukaone, kisha ukisema mimina, nitafungua bomba kwa mkono wangu.”

“Twende. Bwana Hyera, na wewe njoo. Ukikaa hapa utanimalizia chai yote.”

*

Palikuwa na wakati, Benigna akiwa msichana, ambapo watu walizidi mashamba. Si kwa maneno ya wanasiasa, kwa sufuria. Miji iliteremka mabondeni ikala mashamba ya mpunga, mvua zikahama majira, na kila nyumba ya Umatengo ilikuwa na mgeni aliyekuja kuomba mahindi akabaki. Ndipo maabara moja ikatoa mlishi.

Ulikuwa nafaka iliyotiwa uhai wa mwanzi. Ulipandwa mara moja tu. Haukutaka jembe wala mbolea ya dukani: mizizi yake ilijisuka chini ya ardhi kama mkeka, ikashika udongo wa mteremko usiondoke na maji, na vijidudu vilivyoishi ndani ya mizizi hiyo vilivuta rutuba kutoka hewani. Masuke yalitoka mara nne kwa mwaka bila ua lolote. Punje zake zilikuwa kama ndizi, chakula kitupu, hazioti. Watu walipita mashambani na vikapu wakichuma kwa mkono, msimu baada ya msimu, na milima ambayo zamani ililisha kata ikaanza kulisha miji.

Kwa kuwa punje hazikuota, mlishi ulisambaa kwa kipande cha shina. Maabara ilileta aina nyingi za shina, kila moja katika mfuko wake wenye namba. Wanawake wa Umatengo waliitazama mifuko ile wakauliza, hili mama yake nani? Shina lisilo na mama walilikataa. Walipanda lile moja la Lihanje, lililoshika kwanza, na kila msichana alipoolewa alibeba kipande kutoka shambani kwa mama yake, kimeviringishwa katika kitambaa kilicholowa. Bibi harusi aliyefika bila shina, wakwe walisema wameletewa nusu mtu.

Hivyo kipande kikaenda Songea, kikapanda milima ya Livingstone, kikafika Uluguru na Upare na Usambara, kila mlima uliowahi kuposa binti wa Umatengo. Walijivunia jambo hilo. Waliimba kwamba nchi nzima ni mashemeji zao. Hakuna aliyejua kwamba shina linabeba saa yake ndani, na kwamba ukikata kipande hukati saa. Unagawa ile ile. Milima yote hiyo ilikuwa na mmea mmoja, uliozaliwa siku moja, na sasa ulikuwa umefikisha umri wake.

Shina mama lilitangulia kutoa vitumba vya maua. Mengine yalikuwa yanafuata. Kwenye kila mgongo kuanzia hapo hadi Tanga kulikuwa na tangi la bluu na mwanamke mmoja anayelilea shina, na wote walikuwa wamesema kitu kimoja: Lihanje wakimimina, tunamimina, wakiacha, tunaacha. Ndiyo desturi. Huwezi kumpita mama mlangoni.

*

Katikati ya mteremko Kordula alisimama penye kitalu kidogo kilichozungushiwa kamba.

“Hapa tulimimina majuma mawili yaliyopita, kwa majaribio,” alisema. “Wewe ndiye uliyeruhusu.”

Benigna aliinua kamba akaingia. Milishi ilisimama mirefu na mibichi, masuke yamejaa. Alichuma suke moja, akalipukuchua kiganjani, akatupa punje mdomoni na kutafuna taratibu kama mnunuzi sokoni. Alichuma jingine upande wa pili wa kitalu, akatafuna tena. Aliinama akavuta shina moja kwa mikono yote miwili. Halikutikisika.

“Ni mlishi,” alisema.

“Ni mlishi.”

“Hauna ubaya wowote.”

“Sijasema una ubaya, mama. Wenzangu si wajinga. Kizuio kinafanya kazi.”

Benigna alimtazama binti yake. Alikuwa amemtarajia atafute kasoro, aseme punje ni chungu au mizizi inaoza, ili amshinde kwa hilo. Kordula hakutafuta. Tangu utoto alikuwa hivyo. Akivunja kikombe alikuletea vipande mkononi.

“Basi mjadala umekwisha,” Benigna alisema. “Tunapanda juu kutimiza sheria.”

“Tunapanda juu kutimiza sheria,” Kordula alikubali.

Bwana Hyera, aliyekuwa akihema nyuma yao, aliuliza kama sheria hiyo haikuweza kutimizwa kwa darubini.

*

Kileleni walimkuta Eusebia, dada wa marehemu mume wa Benigna, ameketi chini katikati ya milishi huku amenyoosha miguu mitupu.

“Vua viatu, wifi,” alisema kabla ya salamu.

“Kwani hapa kanisani?”

“Hapa jikoni. Vua.”

Benigna alivua. Alikanyaga udongo uliokuwa umenyeshewa na mvua ya usiku, akijiandaa kwa baridi, akaondoa mguu upesi. Kisha akaurudisha polepole. Ardhi ilikuwa na joto. Si joto la jua, kwa maana jua lilikuwa bado nyuma ya wingu. Lilitoka chini, sawasawa, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

“Nini hiki?”

“Mizizi,” Kordula alisema. Naye alikuwa amevua viatu. “Inaunguza sukari yake. Kila mwaka mlishi ulikuwa unatupa punje na kubakiza kidogo chini, hatukujua kwa ajili gani. Sasa unaiunguza yote. Maua yanahitaji joto ili yafunguke kwa pamoja, ndiyo maana...”

“Nyamaza, mwanangu,” Eusebia alisema. “Inaanza.”

Kwanza Benigna alidhani ni mvua. Ulikuwa mlio ule ule wa manyunyu yanapokuja kutoka mgongo wa pili, mwepesi, unaokaribia. Akatazama juu, hakuna kitu. Mlio ulikuwa unatoka mashinani, suke kwa suke, maganda madogo yakipasuka: tik, tik, kisha mengi kiasi kwamba sikio halikuweza tena kuyatenganisha. Ulipita juu yao ukashuka mteremko, na ulikopita, rangi ilibadilika.

Miaka arobaini alikuwa ameuona mlishi ukiwa na rangi moja. Aliamka nao, alizaa watoto akiusikia nje ya dirisha, alimzika mume pembeni mwake, na siku zote ulikuwa kijani kile kile, kama sare ya shule. Sasa nyuzi zilining'inia kutoka kila suke, na hakuna suke lililofanana na jirani yake. Hili jekundu la damu ya ng'ombe. Lile jeupe. Lile zambarau, lile la rangi ya kutu, lile njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji. Shina moja, lililokatwakatwa na kuposwa nchi nzima, na hivi ndivyo vyote lilivyokuwa limevibeba tumboni likanyamaza.

Kisha vumbi la maua likapanda. Halikupeperushwa, upepo haukuwapo. Joto la ardhi lililiinua, likasimama juu ya mgongo kama moshi wa dhahabu, likawa zito, jua likatoka kwenye wingu na kuingia ndani yake. Bwana Hyera alivua kofia. Nyuki walikuja kutoka mahali ambapo Benigna hakujua kuna nyuki, mkondo mzima, wakapita karibu na uso wake bila kumjali, kama watu wanaowahi gulio.

Ng'ambo ya bonde, mgongo wa Mapipa ulikuwa bado kijani. Lakini mvuke mweupe ulikuwa unafuka kutoka juu yake, na kwenye mgongo uliofuata, na ule wa nyuma yake, mpaka macho yalipokoma. Milima ilikuwa inapata joto, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa inajiandaa.

Benigna aligundua kwamba ameshika mkono wa Eusebia, jambo ambalo hakulifanya hata msibani. Aliona udogo wake, na haukumwudhi. Alikuwa mtu wa kupima vitu kwa debe, na hapa palikuwa na kitu kisichoingia kwenye debe lolote, na kilikuwa kimekuwa kikimlisha.

“Sasa umeona,” Kordula alisema taratibu.

“Nimeona.” Benigna alipangusa vumbi la dhahabu usoni. “Ni uzuri usio na kifani. Lakini watoto hawashibi uzuri.”

“Najua.”

“Usiseme najua kwa sauti hiyo.”

Aliuachia mkono wa wifi yake akaingia kati ya mashina, mbali kidogo nao, ili apate kufikiri bila kutazamwa. Alitembea ukingoni mwa mteremko ambako hakuna aliyepita kuchuma, kwa kuwa palikuwa pakali mno. Hatua chache tu, mguu wake ukazama hadi gotini kwenye maji.

*

Kordula alimsikia akisonya akaja mbio. Alimkuta mama yake amepiga magoti, akifukua majani makavu kwa viganja.

“Umeumia?”

“Njoo utazame hapa.”

Chini ya majani palikuwa na shimo, si refu, lenye pande nne, limejaa maji ya mvua ya usiku. Kingo zake zilikuwa matuta manene, na tuta la upande huu lilikuwa pia tuta la shimo la jirani, na la jirani lilikuwa la mwingine, mteremko mzima, kama sega la nyuki lililolazwa juu ya mlima. Maji yalikuwa yametulia kila mahali. Hakuna hata tone lililokuwa likikimbia.

“Ngoro,” Benigna alisema. “Hizi alichimba mama yangu. Mimi nilikuwa nikisimama pale chini nikimpokeza mbegu. Miaka arobaini hakuna aliyezigusa, na bado zinashika maji.”

“Nimeona picha zake,” Kordula alisema. “Chuoni.”

“Kwenye picha unaona shimo. Shimo siyo kazi.” Benigna alikaa juu ya visigino. Kitu kilikuwa kinajipanga kichwani mwake, bila haraka, kama anavyopanga kuni. “Niambie kwa kifupi. Mlishi ukifa, nini kitashika udongo huu?”

Kordula alichota udongo wa tuta kiganjani. “Hakuna kitu. Mizizi itaoza. Mvua kubwa ya kwanza mteremko unashuka mtoni, mto unaupeleka ziwani. Hilo ndilo linalowatisha wenzangu kuliko njaa. Njaa ina mwisho. Udongo ukishaondoka, umeondoka.”

“Na hiyo ndiyo sababu ya kizuio.”

“Ndiyo sababu kubwa.”

“Baada ya miaka ishirini mlishi utakapokufa, mteremko utakuwa umelala? Utakuwa tambarare?”

“Mama...”

“Nauliza. Utakuwa mkali vile vile, ndiyo au siyo?”

“Vile vile.”

“Wifi,” Benigna aliita bila kugeuka. “Nani bado anajua kuchimba?”

Eusebia alikuwa amefika na viatu vya wote mkononi. Alifikiri. “Wewe. Mimi, nikikandwa mgongo. Osmunda wa kule chini. Mama Nchimbi, ingawa macho yake siku hizi anasalimia mbuzi. Wale wa Mapipa wapo wapo, wa rika letu. Vijana hawajui. Hata wakikuta jembe wanadhani ni la kutundikia kofia.”

“Na miaka ishirini ijayo?”

“Miaka ishirini ijayo mimi nitakuwa nimelala chini ya haya maua, wifi, wala sitaamka kumfundisha mtu.”

Hapo Benigna alielewa, na kuelewa kwenyewe hakukuwa na utamu wowote. Kifo cha mlishi kilikuwa kinakuja kwa vyovyote. Kama kikija sasa, kingeikuta mikono inayojua la kufanya. Michache, mizee, lakini ipo. Kikicheleweshwa, kingemkuta Fidea na kingemkuta Fabiani, watu wazima wenye watoto wao, wamesimama juu ya mlima unaoteleza huku wameshika picha.

Upande wa pili wa mizani walikuwa hao hao Fidea na Fabiani, leo, na bakuli.

Alitamani mtu mwingine aje aseme. Hakuja mtu. Mlio wa maua ulikuwa umepungua sasa, umebaki tik hapa, tik pale.

Alisimama akapangusa magoti. “Huu ni mwezi wa tatu. Mvua bado ipo. Zamani mwezi huu ndio tulikuwa tunafyeka majani, tunayalaza mraba mraba, tunachimba katikati na kutupa udongo juu yake, tunapanda maharage. Mwezi wa saba tunakula. Kilele tutakiacha kichanue, tuvune mbegu. Miteremko mikali tunafyeka leo.”

“Tunafyeka nini?” Bwana Hyera aliuliza.

“Mlishi. Kuna majani mengine unayaona hapa?”

“Huku una masuke ya kula, mama,” Hyera alisema. “Bado ya maziwa. Majuma mawili tu yanakomaa. Hicho ni kibaba cha...”

“Najua ni kibaba cha nani. Tukingoja majuma mawili tunachelewa kupanda, na maharage yaliyochelewa yanakufa na kiangazi. Kordula, hebu hiyo simu. Walezi wengine wanasikia?”

Kordula aliitoa mfukoni kama mtu anayetoa kitu kizito. “Wote.”

“Mimi ni Benigna Kinunda wa Lihanje,” Benigna alisema, akiongea kwa nguvu kama kawaida yake, kana kwamba Upare ni ng'ambo ya kijito. “Sisi hatumimini. Tunaacha uchanue. Nawaambia mapema msije mkasema tumewaficha: njaa itakuwepo. Maharage hayatafika kote, na mbegu itachukua muda wake. Vilele viacheni. Miteremko ifyekeni leo, siyo kesho, muishike kama bibi zenu walivyoishika. Sisi tunachimba ngoro. Waluguru mna matuta yenu ya ngazi, Wapare mna mifereji yenu. Tafuteni mwanamke yeyote anayekumbuka, mkalisheni kwenye kiti, mumsikilize. Asiyekumbuka aje hapa, atafundishwa. Nimemaliza.”

Akarudisha simu. Kisha sauti ya mwanamke mmoja, ya mbali, ikasema: “Tumesikia.” Na nyingine. Na nyingine.

Benigna alikuwa tayari ameshachukua nyengo, panga fupi lililopinda, kutoka kiunoni mwa Eusebia, aliyeitumia kukatia kuni. Akashika shina la kwanza.

“Subiri,” Kordula alisema.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Asubuhi nzima alikuwa amesema kwa niaba ya maua kwa utulivu wa mtu anayejua atakataliwa. Sasa alikuwa amekubaliwa, na hakuwa na mahali pa kuegemea.

“Subiri kidogo, mama. Wanangu. Fabiani ndiyo kwanza ametoka kuugua. Labda tungemimina nusu, au tungoje wenzangu wapige hesabu tena. Nilidhani...”

“Ulidhani nitasema hapana.”

Kordula aliitia simu mfukoni.

“Ulidhani mama atasema hapana, wewe utabaki na ukweli na watoto wabaki na kibaba.” Benigna hakusema kwa hasira. “Hata mimi ningependa hivyo. Walete hapa. Kesho lori likishuka, lirudi nao. Maharage ya mwaka jana yapo, maziwa yapo. Watakula kile nitakachokula, na siku sina, hawana.”

“Na watoto wa wengine?”

Hilo lilimfikia. Alisimama nalo, nyengo ikining'inia mkononi, Eusebia akageuza uso.

“Wa wengine watalala njaa,” Benigna alisema. “Baadhi kwa neno langu. Sitasema si mimi.”

Akakata.

Shina lilikuwa gumu. Liliitikia mara ya tatu. Maziwa meupe ya suke yalimrukia kifuani, yakanukia utamu wa uji wa mtoto. Alilaza shina chini pamoja na suke lake, akakata la pili, la tatu, akayalaza kukingama mteremko. Mengine akayapitisha juu yake, mraba ukatokea. Zamani kufyeka ilikuwa kazi ya wanaume.

“Bwana Hyera,” alisema bila kuinua kichwa, “wewe ni mwanamume au ni dereva tu?”

“Kwa leo niseme vyote viwili,” Hyera alijibu, akapokea nyengo. Alikata vibaya, akakata vizuri zaidi, akaanza kushuka mteremko huku akihema, na mashina yakaanguka nyuma yake na masuke yake yote.

Eusebia alikuwa amekwisha kuteremka hadi kwa Osmunda na kurudi na majembe mawili yaliyoota kutu. Benigna alichukua moja, akaingia katikati ya mraba, akachimba. Udongo ulikuwa mweusi na bado una joto. Aliurusha juu ya mashina yaliyolala, pande zote nne, mpaka masuke ya maziwa yakafunikwa yote na tuta likasimama. Mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Alipotoka shimoni, shimo lilikuwa shimo.

Jembe la pili lilikuwa bado ardhini. Kordula alilitazama. Alitazama bondeni, kwenye lori na tangi la bluu, kisha akakunja suruali, akaliokota, akaingia katika mraba uliofuata. Alitupa udongo wa kwanza.

“Juu ya majani,” Benigna alisema. “Siyo juu ya miguu yangu. Rudia.”

Kordula akarudia.